Mwano wa Adhuhuri

Mwamhembo, karibu na Mhunze,
Shinyanga.
Jumapili, 18 Julai 1954

Kaka yangu mpendwa Donatus,

Tumsifu Yesu Kristu, na shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta umeshiba na umepumzika, na kwamba kile kifua kilichokusumbua kwa vumbi la shimoni sasa kimepoa. Mimi mdogo wako Paskalia mwili wangu hauna shida. Nilifika likizo salama juu ya lori la pamba, na katika mtihani nimekuwa wa pili. Sista ameniambia nikiendelea hivi huenda nikapelekwa kusomea ualimu. Nilitamani habari hiyo iijaze barua yote, lakini kuna jambo jingine ambalo Bibi amenikataza kukuandikia, nami naliandika.

Kaka, Bibi yetu ametengwa. Hapewi moto, hachoti maji pamoja na wenzake, hasalimiwi njiani. Wamempa muda mpaka mvua za kwanza. Baada ya hapo, kama hajaondoka mwenyewe, wapo vijana wasemao kwamba watamwondoa, na hawasemi watamwondoa vipi. Shule itafunguliwa mwisho wa mwezi huu, nami nikienda atabaki peke yake katika nyumba hii. Naomba unisikilize tangu mwanzo.

Wewe uliondoka kwenda Geita juma lile lile alipozikwa Salvina, mke wa jirani yetu Gregory, kwa hiyo hukuona yaliyofuata. Unajua kwamba wezi wa ng'ombe walimkuta mchana kule kwenye majabali, akichunga peke yake, na kwamba aliokotwa jioni akiwa amekwisha kufa. Baada ya matanga, mwanangwa Mageni, mkuu wetu wa kijiji, aliwaita watu wote. Alikuja pia askari wa baraza, jina lake Valerian, mtu mrefu mwenye maneno machache ya kuchekesha. Aliwaambia wazee kwamba serikali imewaletea askari mmoja na baiskeli moja isiyo na breki, na wezi hawatangoja afike. Akasema macho ni yao na masikio ni yao, yeye ataleta pingu. Akawaomba wamkamate mwizi mzima mzima, wasimletee maiti, kwa sababu maiti haitaji wenzake.

Basi wakapatana. Wanawake kisimani waangalie wageni wanaopita na mifugo, na kila kaya itoe mtu wa kukaa njia panda. Januari akafanywa nsumba ntale, yaani kiongozi wa vijana wa zamu. Zaidi ya yote, wakaurudisha mwano, ule ukelele wa kuomba msaada, kwa nguvu zake za zamani: ukipigwa, kila kijana aliyesikia lazima aache alichoshika na kukimbilia huko. Asiyekwenda ahesabiwe kuwa upande wa wezi. Lakini mwanangwa akakumbusha kwamba tangu zamani kuna mlango wa kurudia. Aliyesikia asiende, akisimama mwenyewe mbele ya watu na kusema, "Nilisikia, sikuja," akachinja ng'ombe watu wakala, basi neno hilo limekwisha, na hakuna ruhusa ya kumtupia tena. Siku ile aliuliza kama kuna mtu aliyemsikia Salvina. Watu walitazamana. Hakusimama mtu.

Kazi ile ilikuwa nzuri, kaka. Mwaka mzima hatukupoteza hata ndama. Wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka Kagongwa walikuwa wanajitangaza wenyewe kisimani, wakitaniwa na kina mama kwamba wavue kofia wahesabiwe pembe. Mimi niliporudi likizo nilijivuna kuwaona watu wetu wameshikamana hivyo.

Kisha ukaja mchana ule. Tulikuwa tunachuma pamba shambani kwa Mama Zipora, wanawake wengi na mabinti. Unalijua jua la wakati huu, lisilo na kivuli hata chini ya miguu yako mwenyewe. Upepo ulikuwa umekufa kabisa. Ndipo mwano ukasikika kutoka kwenye majabali. Ulipanda juu, juu, ukatetemeka, halafu ukakatika pale pale juu. Haukushuka.

Sisi Wasukuma mwano wetu hupanda kisha ukashuka taratibu kama mtu anayeteremka mlima. Aliyekuwa anaukata huko juu alikuwa mmoja tu, Salvina, aliyeolewa kutoka Ushirombo. Unakumbuka walivyokuwa wakimcheka kwenye ngoma za mavuno? "Mayu, mama we, mwano wako umekatwa mkia!" Naye alikuwa akijibu, "Mkia wa nini, nawaita watu au nafukuza nzi?" Kaka, ilikuwa sauti ile ile, ya mwanamke kijana.

Vijana walikimbia, kwa maana ndiyo sheria. Januari akawa wa kwanza kufika. Walikuta mawe yanaunguza na kimya. Hakuna mtu, hakuna ng'ombe, wala mbuzi. Walirudi wakitembea, na hakuna aliyemtania mwenzake.

Siku chache baadaye sauti ikaja tena, saa ile ile ya jua kusimama. Ikaja tena na tena. Mara ya mwisho vijana walikimbia mpaka nusu ya njia, wakasimama pamoja bila kuambiana, wakageuka. Kuanzia hapo ikifika adhuhuri watu wakawa wanaacha pamba shambani na kujifungia ndani. Kina mama waliwaziba watoto masikio. Mashamba yakawa meupe, pamba imepasuka, hakuna mkono. Nilipita humo siku moja nikadhani nyuma ya kila mche amechutama mtu.

Wezi nao wana masikio. Walikuja mchana, wakachukua ng'ombe wote wa Januari. Mke wake, aliye mja mzito, alipiga mwano mpaka akatema damu. Nasi tulikuwa ndani. Mwano wake ulishuka vizuri hadi mwisho kama inavyotakiwa, lakini nani alikuwa anausikiliza mpaka mwisho? Watu walisema, "Huyo ni Salvina," wakashindilia milango. Inasemekana ng'ombe wale walikwenda upande wenu, kwenye machimbo, ambako nyama haiulizwi imetoka wapi. Huenda mmewala.

Jioni hiyo watu walikusanyika kwa mwanangwa, nao walihitaji mtu wa kumlaumu. Mama Zipora akasimama. Akauliza kwa nini pamba ya Limi, yaani Bibi yetu, imekwisha kuchumwa yote, na Limi ni kikongwe, wakati ya kwake mwenye binti wengi bado iko mitini. Akauliza macho ya Limi yamekuwa mekundu kwa kulia au kwa nini. Halafu akasema alichotaka kusema: Salvina hakufa, Limi amemchukua msukule, anamlimisha na kumchumisha, na mchana akichoka hupanda majabali kuwaita watu wake. Watu waliguna kwa pamoja. Kaka, mimi najua macho ya Bibi ni mekundu kwa moshi wa samadi, na pamba aliimaliza kwa sababu halali usingizi, huamka gizani akaenda kuchuma. Nililisema hilo. Mama Zipora akanijibu kwamba msomi anyamaze, kwani kitabu hakijawahi kumwona mchawi.

Valerian alisimama upande wetu. Aliwaambia kwamba zamu ilianzishwa kumkamata mwizi, na mwizi hivi sasa anavuka mto na ng'ombe huku wao wanamkamata bibi kizee. Januari, mtu aliyepoteza kila kitu, akamwambia, "Bwana askari, wewe pingu yako inamtosha marehemu?" Watu wengine walicheka, lakini si kicheko cha furaha. Mwanangwa aliona akikataa vijana watatenda bila yeye. Akaamua Bibi atengwe, na kwamba amrudishe Salvina kabla ya mvua za kwanza, au aende zake.

Bibi hakujitetea. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alikaa na mikono mapajani kama mtu anayesubiri chakula.

Tangu siku ile nimejua kutengwa ni nini. Nikimsalimu mtu "Mwadila", anatazama juu ya kichwa changu kama anayetafuta mvua. Pantaleo mwenye duka hanisikii nikiomba kiberiti, ingawa kipo mbele yake. Moto wetu ulizimika mara moja, nikazunguka kaya zote na kigae mkononi, nikarudi nacho kitupu. Tulikula mtama mbichi. Valerian alipopita siku ya gulio ndiye aliyetuwashia.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Siku ya Alhamisi, jua lilipokaribia kusimama, Bibi aliondoka bila kuniaga. Nikamfuata kwa mbali. Alitembea wima, haraka, bila fimbo, nawe unajua hawezi kuvuka ua bila fimbo. Alipita mashambani akafika majabali, akapanda kwa ufa ulio upande wa nyuma, mahali ambapo miguu haiachi alama kwa sababu ni mwamba mtupu. Akasimama. Nilimwona shingo yake ikinyooka. Akafungua kinywa, na sauti iliyotoka humo, kaka, haikuwa ya Bibi. Ilikuwa ya mwanamke kijana, ikapanda, ikatetemeka, ikakatika juu.

Niliomba Salamu Maria na maneno yakanipotea katikati. Kisha nikapanda, kwa sababu ni Bibi yangu. Nilipomshika mkono alikuwa baridi katika jua lile. Alinitazama kitambo kabla ya kunijua. Nilimketisha chini, nikamwuliza kwa nini anafanya hivi, na yeye ndiye anayeumizwa nayo. Akasema sauti hiyo humjia masikioni kila adhuhuri tangu mwaka jana, ikijaa mpaka kichwa kinataka kupasuka, na siku akiitoa kwa kinywa hupata kulala kidogo.

Ndipo akaniambia. Siku ile Salvina alipokufa, wewe na Bibi mlikuwa uani kwetu. Mwano ulipopigwa mliusikia wote wawili. Wewe ulikwisha kushika upinde, umefika langoni. Yeye akakushika nguo. Alikuambia huo si mwano, kwa sababu haukushuka, na sauti inayoita adhuhuri bila mkia si ya mtu, ni ile inayowaita vijana majabalini wasirudi. Akakuambia ungoje, kama ni mtu atarudia. Salvina alirudia, na bado Bibi alikushikilia. Mara ya tatu hakurudia. Bibi alisema, "Mjukuu wangu alilia kama mtoto, akiniambia Bibi huyo ni Salvina, ndivyo anavyopiga. Nami nikamwambia kaa."

Hivyo nimejua kwa nini uliondoka juma lile, na kwa nini hujarudi, na kwa nini kila barua yako inauliza habari za watu wote isipokuwa za nyumba ya Gregory. Sikuandikii kukuhukumu. Ningekuwa mimi nimeshikwa nguo na Bibi aliyetulea, sidhani ningeivuta.

Nilimwomba Bibi aende kwa mwanangwa aseme hivyo. Akakataa. Alisema vikongwe hawadaiwi mwano. Akisema "nilisikia," watauliza kijana wa nyumba alikuwa wapi, na Gregory ana shoka. Afadhali wamwite mchawi yeye aliyekwisha kuishi, kuliko wakuite wewe mtu wa wezi. Amekusudia kukaa kimya mpaka mvua zinyeshe, na yatakayokuja yaje.

Kaka, nimefikiri sana. Siku ya gulio nilimwuliza Valerian, bila kutaja jina la mtu, kama ule mlango wa kurudia bado uko wazi. Alisema mwanangwa hawezi kuufunga, kwa kuwa aliutamka mbele ya watu wote. Akasema mtu huyo akitokea, ashukie Mhunze kwanza, amtafute yeye barazani, nao watakuja pamoja, wakikokota baiskeli, ili Gregory amwone akiwa upande wa sheria. Aliongeza kwamba zamu imekufa kwa sababu ya uongo mmoja uliokaa katikati yake, na kwamba wezi watakula ng'ombe mpaka wa mwisho watu wasipojua sauti ile ni nini. Tuna fahali mwekundu aliyeachwa na Baba. Nimemtazama zizini. Anatosha.

Usiogope kwamba hawatakuelewa. Wako wengi waliomsikia Salvina siku ile, naamini hivyo, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Niliona walivyotazamana mwanangwa alipouliza. Wanangoja wa kwanza.

Tangu Alhamisi Bibi hajaenda tena majabalini, kwa sababu adhuhuri ikifika namshika mikono yote miwili. Jana akiwa ameketi hivyo midomo imefungwa, aliinua uso, akanitazama kama anayeuliza. Mimi sikusikia kitu. Lakini mbwa alisimama, akaelekea majabali, na mbuzi wote wakageuza vichwa upande mmoja. Nikaendelea kumshika.

Padre anayekwenda Geita ndiye atakayekuletea barua hii mkononi, hivyo nitajua kwamba umeipata. Nitangoja mpaka siku ya lori la shule, na siku hiyo nitaangalia njia ya Mhunze kabla ya kupanda.

Wasalimie wenzako wote mnaolala nao kambini, wa dini yetu na wa dini nyingine, na uvae kitambaa puani shimoni. Nimemwambia Bibi kwamba ninakuandikia habari za mtihani wangu, nikamwuliza nikufikishie salamu gani. Amesema nikuambie kwamba hapa nyumbani ni kuzuri, moto unawaka, majirani ni wema, wala usijisumbue kuja. Salamu zake nimezifikisha kama nilivyotumwa. Kaka, usizikubali.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Paskalia