Nani Ale Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mume ameingia jana. Ameingia na lori zima: makochi manne ya wateja ambayo hajayamaliza, magunia saba ya sponji, cherehani ya kushonea makava, na mbwa wake. Mbwa naye anaitwa Sponji. Fundi makochi hafikirii mbali! (Na mimi je? Mkaguzi wa mizani, mbwa wangu anaitwa Ratili. Basi ninyamaze.)

Wote wawili ni majike. Tulijua. Wakati wa uchumba tulisema aa, watazoeana, mbona sisi tumezoeana, na kila mmoja wetu alishawahi kuwa na ndoa yake? Dakika kumi na mbili. Ndizo zilizopita kabla hawajashikana kwenye zulia la mlangoni. Niliangalia saa.

Jirani akachungulia juu ya ukuta: mafahali wawili hawakai zizi moja. Nikamwambia hawa si mafahali. Akasema ndiyo hapo sasa, kwa majike wahenga hawakutia neno, waliogopa.

Tulikubaliana kabla ya ndoa: mwezi mmoja. Wasipopatana hadi Jumapili ya tarehe 30, mmoja anakwenda kwa wifi yangu, dada wa mume, mwenye uwanja mkubwa na hana mbwa. Mmoja yupi? Hatukusema. Siku ile tulikuwa tunachekeana tu.

Jumatano, 5 Machi

Nimepata dawa — usawa! Miaka kumi na minane nimekagua mizani ya sukari na ya misumari, nishindwe na mbwa wawili? Gramu mia tatu na ishirini kwa Ratili, gramu mia tatu na ishirini kwa Sponji. Mabakuli ya aina moja. Yanawekwa chini kwa pamoja: mimi kulia, mume kushoto, nahesabu moja, mbili, tatu. Mikeka mume ameikata kwenye kitambaa kimoja, nikaipima mwenyewe. Kupapaswa mara kumi kumi, mkono huku na mkono huku.

Mume akasema lakini Sponji ni mara mbili ya Ratili. Nikamwambia haki haiangalii umbo.

Matokeo: vita. Ratili anamaliza chake halafu anakodolea macho cha mwenzake. Sponji ananguruma mpaka vifuniko vya sufuria vinatikisika. Jioni wamegombania kivuli. Kivuli! Nacho nikigawe vipi?

Jumamosi, 8 Machi

Sponji amekula ndala yangu ya kushoto. Ratili amekula ya kulia. Angalau hapo wamegawana.

Jumanne, 11 Machi

Daktari wa mifugo amekuja kumshona Sponji sikio. Nyuzi tatu. Nikamweleza utaratibu wangu, nikamwonyesha na mizani. Akacheka! Akasema ninyi ndio mnaowagombanisha. Mbwa hajui nusu kwa nusu, anajua wa kwanza na wa pili. Chagueni mmoja. Huyo ale kwanza, atoke mlangoni kwanza, asalimiwe kwanza. Wa pili akishajua nafasi yake atatulia.

Miaka kumi na minane ya kazi, naambiwa haki yangu ndiyo inayowauma watu masikio.

Daktari akaondoka. Nani awe wa kwanza?

"Wako ndiye mwenyeji," mume akasema.

"Wako ndiye mgeni. Mgeni hutangulizwa."

"Lakini wako ni mkubwa kwa umri, mke wangu."

"Wako ni mkubwa kwa mwili, baba."

Adabu tupu! Hapa naandika peke yangu, niseme kweli: nataka Ratili. Mume wangu wa kwanza alipofariki watu walikaa wiki moja, wakakunja mikeka, wakaenda zao. Ratili alibaki. Miaka mitano nimekula na yeye miguuni. Akienda kwa wifi sijui nitafanyaje.

Mwishowe mume akaamua: Ratili bi mkubwa, Sponji bi mdogo. Nikaitikia haraka mno, nadhani aliona.

Ijumaa, 14 Machi

Siku ya tatu. Ratili anakula kwanza, anatembea kifua mbele kama mwenye nyumba. Sponji analala chini ya meza ya mume, pua ukutani. Mume anasema hana neno, mbwa wake ni mvumilivu. Halafu namwona anamshika sikio lile lenye nyuzi, anamshika weee, mpaka gundi inamkaukia kwenye brashi.

Aliyekuwa mkewe alibeba kila kitu, akamwachia nyundo na kitoto cha mbwa. Ndiye huyo Sponji. Leo mimi nimemlaza pua ukutani.

Basi, siri. Saa kumi na mbili asubuhi, mume akiwa anaoga, nitampa Sponji kidogo huko stoo kabla ya Ratili. Gramu mia tu. Moyo wake utulie. Nani atajua?

Jumanne, 18 Machi

Mambo yamekuwa mabaya zaidi. Sponji amepata kiburi cha ghafla! Anasukuma mlango na bega, anapita mbele ya Ratili. Ratili kamrukia. Nimemwaga ndoo ya maji, nusu ikampata jirani.

Mume anakuna kichwa. Anasema heshima ya Ratili haijakaa sawa, inatakiwa iongezwe. Nikasema labda. Nilikuwa nafuta makombo kwenye gauni.

Jumamosi, 22 Machi

Nimewapima kwenye mizani kubwa. Sponji ameongezeka nusu kilo. Sawa, huyo namjua mimi. Lakini Ratili naye robo kilo! Kwa chakula kilekile cha kila siku?

Nikaichunguza mizani kwa mawe yangu ya kazini, moja moja. Mizani ni nzima. Kwa hiyo kuna mtu anaiba. Naijua sura ya muuza duka anayebonyeza mizani kwa kidole — anakuwa mpole, anakukaribisha kiti, anakuuliza habari za watoto hata kama huna. Asubuhi mume amenikaribisha kiti mara mbili.

Jumatatu, 24 Machi

Ukaguzi wa kushtukiza! Saa sita mchana nimeacha kazi, nikarudi nyumbani, viatu mkononi. Mume yupo barazani, amepiga magoti kati ya makochi, anamlisha Ratili kwenye kifuniko cha mkebe wa gundi. Anamnong'oneza: kula, bi mkubwa, kula upate nguvu. Wewe ndiye wa kwanza. Ukimweza Sponji watatulia. Wasipotulia atakwenda Sponji wangu, mimi sitamnyang'anya mke wangu mbwa wake.

Nilisimama pale na viatu vyangu. Nilitaka kulia. Badala yake nikasema kwa sauti ya kazini: "Tangu lini?"

Akaruka, akakanyaga nyundo. Tangu Jumatano iliyopita, akasema, kila mchana. Aliona Sponji anapanda kichwa akaogopa.

Nikamsomea hotuba nzima. Udanganyifu wa vipimo. Kuharibu utaratibu. Akainamisha kichwa, akasema nisamehe, mama. Na mimi, ambaye asubuhi ileile nilikuwa stoo na gramu zangu mia, nikamsamehe! Mganga hajigangi. Nimeona haya mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 27 Machi

Nimekamatwa. Saa kumi na mbili na dakika tano nasikia maji yanamwagika bafuni, kumbe kayafungulia makusudi. Mlango wa stoo ukafunguka, mume amesimama na taulo, povu sikioni. Mimi nimechuchumaa. Sponji ana mdomo uliojaa.

"Tangu lini?" akauliza. Sauti yangu kabisa! Ameiiga mpaka kikohozi.

Tukacheka mpaka tukakaa chini kwenye sakafu ya stoo. Sponji asubuhi wa kwanza, Ratili mchana wa kwanza, maskini wanyama wa watu wangejuaje? Tumeapa: hakuna siri tena. Ratili kwanza, wazi, mbele ya wote, na Sponji wa pili.

Lakini zimebaki siku tatu.

Jumamosi, 29 Machi

Siku mbili za kweli. Jana kimya. Leo asubuhi kimya. Saa tisa wameshikana mlangoni tena, nani atoke kwanza. Hakuna aliyeumia, ila nimekuta manyoya mpaka ndani ya birika.

Wifi amepiga simu. Anakuja kesho saa nne, na anauliza nimemchagulia yupi. Nikasema mtandao unakatika.

Jumapili, 30 Machi

Saa tatu na nusu nimemfunga Ratili kamba. Ndiyo, Ratili. Nimeamka nimeshaamua. Mtu aliyepiga magoti kwa ajili yangu kwenye vumbi la sponji, nikamwondolee mbwa wake? Nikamwambia Ratili sikioni mambo ambayo sitayaandika. Akanipigia chafya.

Nikatoka naye chumbani. Mume anatokea barazani, na Sponji yuko kwenye kamba! Mpya, ameisuka mwenyewe kwa kitambaa cha makochi.

"Anakwenda wangu," akasema.

"Anakwenda wangu," nikasema.

Nje wifi anapiga honi. Tukaanza tena — hapana wewe, hapana wewe — macho yote yamejaa maji, kamba zimetulegea mikononi. Mlango wazi. Na Sponji, wallahi nimeona kwa macho yangu, akafika kizingitini akasimama. Akarudi nyuma hatua moja. Ratili akapita kwanza, mkia juu, hana haraka. Sponji akafuata nyuma yake. Hakuna mlio hata mmoja! Mwezi mzima nasubiri hilo!

Wakaenda moja kwa moja hadi kwenye gari la wifi, mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Ratili akapanda kwanza. Sponji akapanda wa pili. Wamekaa bega kwa bega wanatazama mbele, kama abiria waliolipa.

Wifi amegeuka kuwatazama. "Si mlisema hawapatani?"

Akajijibu mwenyewe:

"Wanaopatana hivi hawatenganishwi, ni dhambi. Nawachukua wote."

Ameshawasha gari. Mume amesimama mbele ya boneti, mikono miwili juu, anazungumza na dada yake habari za utoto wao ili kupoteza muda. Mimi nimekimbia ndani kuleta chakula. Nimemimina bila kupima. Bakuli moja, lipo hapa mezani pembeni ya daftari.

Mume anapiga kelele toka nje: mwite wako, wangu atafuata! Mwite wa kwanza!

Nitamwita. Lakini toka hapa dirishani namwona Ratili kwenye kioo cha gari, amelaza kidevu mgongoni kwa Sponji, amefumba macho. Miaka yote hii akiitwa mara moja anakuja. Leo asipokuja, je?

Honi tena. Naenda