Mkono Unaoshuka Wenyewe

Jumamosi, Mulongwe. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa nne, na sasa jua linawaka juu ya tope kana kwamba halikuona kitu. Ziwa limetulia mno. Mimi sijatulia.

Mnaokuja hapa bloguni kucheka mapishi yangu yaliyoungua, mnisamehe. Leo ni mashine.

Mzee Rajabu, tajiri wangu wa Kilibula, amepata kazi ya kuchimba mfereji mkubwa mtaani kwetu, ili mto ukifurika tena upate pa kupita. Anataka kununua traktopeli, ile mashine yenye beleshi pana mbele la kuzoa udongo na mkono mrefu nyuma wa kuchimba. Zinazouzwa ni mbili tu, na zote zimetumika. Akaniambia, "Binti, weye ndio injenieri. Chagua." Halafu akaenda zake kuswali, nikabaki na mzigo.

Ya kwanza niliiona jana kule Kalundu, karibu na bandari. Mbaya kwa sura! Kutu kila mahali, kiti kimeshonewa gunia, na ikiwashwa inakohoa moshi mweusi kabla ya kutulia. Niliomba mkono wake uinuliwe juu kabisa, injini izimwe, nikakaa juu ya jiwe nikala maandazi mawili pole pole. Mkono haukusogea hata kidogo.

Hicho ndicho kipimo changu. Rangi mtu anapaka siku moja. Lakini mkono wa mashine unashikiliwa na mafuta yaliyobanwa ndani ya mitungi ya chuma, mafundi wanaiita vereni. Jointi za ndani, yaani mipira inayoziba mafuta yasitoroke, zikichakaa, mafuta yanapenya na mkono unashuka wenyewe kwa uzito wake. Hakuna zaidi ya hapo. Leo imenibidi nijikumbushe hilo mara nyingi.

Ya pili ilitoka Kavimvira, njano inayong'aa, na mwenye nayo alikubali tuijaribu hapa hapa Mulongwe. Ililetwa leo adhuhuri na dereva wake, Papa Bahati, mtu wa maneno machache kutoka bonde la Ruzizi. Watu walijaa. Mama yangu naye akaja, kitenge begani.

Lazima niseme mashine ilisimama wapi. Mwaka wa mafuriko, mawe na tope viliporomoka kutoka milimani vikaifunika nyumba yetu mpaka juu ya paa. Baba alikuwa seremala. Alirudi ndani kuchukua msumeno wake, na hatukumpata. Tope lilikauka, watu wakalisawazisha, njia ikapita juu yake. Mashine ilisimama hapo hapo. Hapa kwetu tunatembea juu ya mapaa ya watu na tunasalimiana kama kawaida. Mama mpaka leo amekataa kukaa matanga. "Nitakaa je matanga ya muntu sijaona?" ndiyo kauli yake, na hakuna padri aliyemjibu.

Papa Bahati aliteremsha miguu ya chuma, akainua mkono juu, akazima injini, akashuka akijifuta viganja.

Watu wakanyanyua shingo kutazama.

Kisha mkono ukaanza kushuka. Pole pole, bila mlio, na kitini hapakuwa na mtu. Ulishuka kama mtu anayepapasa kitu chini ya kitanda, mpaka meno ya beleshi lililo nchani mwake yakagusa ardhi. Ukatulia pale.

Mama akanishika kiwiko. "Unaona? Iko naonyesha fasi baba yako iko."

Mahali alipo Baba! Niliogopa. Sitajifanya shujaa kwenye blogu yangu mwenyewe. Diploma yangu ya Bukavu haikunisaidia kitu.

Nikafanya anachofanya injenieri, nikataka kuthibitisha. Nilimwomba Papa Bahati asogeze mashine hatua kumi, ainue tena, azime tena. Mkono ukashuka tena. Nikamgeukia Mama nimweleze habari za jointi, lakini kabla sijafungua mdomo, jirani yetu Mama Furaha, muuza samaki wadogo wa ndagala, alitoka kwenye kundi akapiga magoti pale meno yalipogusa. "Ni hapa," akasema. "Kitanda ya mapacha yangu ilikuwaka hapa."

Tukaisogeza tena, hadi ukingoni mwa njia. Mkono uliposhuka mara ya tatu, mzee mmoja nisiyemjua alivua kofia yake.

Hapo nikaelewa kwamba ningeweza kuisogeza mashine ile hadi jioni nisipate mahali pa kumshinda Mama. Hakuna mahali pasipo na mtu.

Papa Bahati ndiye aliyekataa. "Injenieri, miye siinui tena. Tuache tu." Akaiondoa taratibu, na watu wakaipisha kama wanavyopisha jeneza.

Kwa mashine yenyewe, uamuzi ni rahisi. Nimemwandikia Mzee Rajabu kwamba ya njano siku moja itamshukia kibarua akiwa ndani ya mfereji, achukue ile mbaya ya Kalundu. Mama amenuna njia nzima ya kurudi nyumbani. Anataka ya njano kwa sababu "ile inajua". Nikamwambia hata ya Kalundu itachimba.

"Itachimba fasi yetu?"

Hapo nikamwambia ambalo sijamwambia mtu. Kwenye ramani, mfereji unakunja kona ukifika kiwanja chetu. Mimi ndiye niliyeuchora. Mzee Rajabu nilimdanganya kwamba chini pana mwamba. Hakuna mwamba. Sikuweza kujiona nimesimama kando ya mashine niliyoichagua mwenyewe, nikisikia meno yake yakikwaruza bati letu.

Nilidhani atanipigia kelele. Aliniuliza tu kama ile mbaya inaweza kuchimba pole pole. Nikamwambia ndiyo, mkono wake unakaa pale unapoachwa. Tukiufungia beleshi jembamba, utamenya udongo kidogo kidogo kama ganda la kiazi.

"Basi nyoosha," akasema.

Nimeifuta ile kona. Mstari sasa unapita katikati ya chumba cha kulala cha Baba na Mama. Siku ya kuanza kazi nitasimama pale mwenyewe, na tukisikia bati, injini itazimwa na tutaendelea kwa mikono.

Mama yuko uani. Anafua kitenge cheusi cha matanga alichokinunua mwaka ule wa mafuriko, ambacho hajawahi kukivaa hata siku moja.