Sekunde Kumi na Tatu

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na uwagawie shemeji na watoto kabla hujaendelea kusoma, maana huko mbele sijui kama utabaki na moyo wa kumsalimia mtu kwa niaba yangu. Natumaini nyote wazima. Kikohozi cha shemeji kimetulia? Huku tu wazima, isipokuwa goti la Mama, na ndilo linalonifanya niandike badala ya kupiga simu. Kwenye simu sauti ingetetemeka, ungeniuliza nina nini, nami ningesingizia mtandao.

Ulipomwona mara ya mwisho alikuwa anachechemea tu. Sasa ni mambo mengine. Asubuhi goti la kulia huwa limekaza kama bawaba yenye kutu. Hukaa ukingoni mwa kitanda akilikunja na kulikunjua karibu nusu saa kabla hajalikabidhi uzito wake, na hatua tatu za kwanza ndizo mbaya kuliko zote. Kisha hushika kabati, kutoka kabati hushika meza, kutoka meza hushika ukuta. Nimepanga viti vyote vya nyumba kufuata mkono wake. Hatua zimekuwa fupi, mguu umepinda kwa nje, na kwa kuwa uzito wote huutupa kushoto, kiatu cha kushoto ndicho huisha soli kwanza. Daktari alisema ule ulaini unaokaa katikati ya mifupa ya goti umelika, na sasa mfupa unasaga mfupa. Dukani pale, mwendo wa dakika tano, alikuwa akitumia dakika ishirini na kupumzika mara mbili. Siku hizi haendi kabisa. Utani hajaacha, lakini. Anasema goti lake lingefaa kuajiriwa ofisi ya hali ya hewa, maana hutangaza mvua mapema kuliko redio.

Mimi ndiye ninayemkanda kwa maji ya moto. Mimi ndiye niliyeinua kitanda kwa matofali ili asihangaike kusimama. Lakini Jumapili ukipiga simu wewe, huinuka kitini mwenyewe, bila kunishika, na kwenda hadi dirishani ambako simu inashika vizuri. Dakika moja kabla alikuwa ameniomba maji kwa sababu hawezi kusimama. Wanasema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yako inaua, Dada, na nyoka mwenyewe hufa akicheka.

Halafu ukamwambia kwamba akishafanyiwa upasuaji wa kubadilishiwa goti aje akae kwako, umeshamwandalia chumba cha chini kisicho na ngazi. Tangu siku hiyo wimbo ukawa mmoja: nikishatengenezwa goti, nakwenda kwa mwanangu. Siku moja alimwambia hivyo jirani nami nimeinama mbele yake namfunga kamba za viatu. Mwanangu alikuwa wewe.

Unajua kwamba kliniki yetu ya viungo ina kipimo ambacho mimi, karani, ndiye ninayekiandika. Mgonjwa hukaa kwenye kiti, huinuka, hutembea mita tatu hadi kwenye mkanda mwekundu uliobandikwa sakafuni, hugeuka, hurudi, hukaa. Mtaalamu wa mazoezi hushika saa, kisha huja mezani kwangu kunisomea sekunde, nami naziandika kwenye fomu. Kwetu, anayezidi sekunde ishirini huitwa na daktari wa upasuaji, ambaye huja mara mbili tu kwa mwaka. Asiyezidi huambiwa aendelee na mazoezi.

Siku ya Mama benchi lilikuwa limejaa, naye aliwasimulia wote habari zako: kazi yako, nyumba yako, chumba cha chini, hata rangi ya pazia. Fundi cherehani mmoja mzee, ambaye goti lake husikika likikwaruza kabla hajaingia mlangoni, akamuuliza na huyu kijana wa mafaili anayemwita Mama ni nani. Mama akamjibu kwamba huyu ni mdogo wake yule binti anayemsimulia. Fundi akanitazama juu chini, akasema mdogo mtu nina bahati, wengine dada zao huwaletea fitina tu. Benchi zima likacheka. Nami nilicheka, kwa meno.

Kisha Mama akatembea. Kwenda hakukuwa shida sana. Kugeuka pale kwenye mkanda ndiko kulikomtesa, alijizungusha kwa vihatua vidogo vidogo kama mtu aliyesimama juu ya sahani.

Wiki mbili baadaye majibu yakatoka: sekunde kumi na tatu, hahitaji upasuaji kwa sasa. Nilimsomea mwenyewe. Nilitegemea atalia, au angalau atagomba. Aliniomba nirudie ile namba, kisha akasema kumbe ni uvivu wake tu. Kama hospitali wamepima wakaona anaweza, basi anaweza, karatasi haina chuki na mtu.

Kuanzia kesho yake fimbo yake ya kutembelea akaificha nyuma ya mlango. Nikawa nikirudi kazini namkuta kwenye korido, ameweka kiti, amechora mstari kwa chaki, anatembea huku anahesabu kwa sauti. Hesabu inafika kumi na tatu hata mstarini hajageuka. Anarudi kukaa, anajifuta jasho, anaanza upya. Goti likavimba hadi likashindwa kukunjika. Nilipomsihi aache, alinikaripia, akanionya nisikuambie, hataki usikie kwamba mama yako amezeeka vibaya. Alhamisi goti lilimwachia wakati anageuka. Nilimkuta sakafuni, mgongo ukutani, kifundo cha mkono kimemvimba, anajicheka. Kitu cha kwanza aliniuliza ni kama nimesikia alikuwa amefikia ngapi.

Dada, mtaalamu wa mazoezi alisoma thelathini na moja. Nilisikia vizuri kabisa. Niliandika kumi na tatu.

Na niliichagua namba hiyo kwa akili zangu timamu, kwa sababu karani akikamatwa anaweza kusema tarakimu zilipishana. Mimi mtu ninayepitia kila fomu mara tatu! Sikutaka Mama aumie. Nilitaka asiende kwako. Nilitaka abaki ananihitaji, hata kama ni kwa maumivu. Nimeisoma sentensi hiyo na nimeshindwa kuifuta.

Jana nilimwambia yeye kwanza. Akaniuliza kama nimekula. Swali hilo limeniuma kuliko kofi. Nikamwegemeza begani, tukaenda kliniki, nikaeleza yote kwa muuguzi mkuu. Mama akapimwa upya, akaandika mtu mwingine, mimi nikiwa nje ya mlango. Sasa ni sekunde thelathini na nane, kwa sababu ya yale mazoezi ya korido. Jina lake limeingizwa kwenye orodha, la mwisho, daktari anakuja mwezi ujao. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani nisubiri barua yao. Nikisikia hatua za mtu nje, nachungulia dirishani.

Atakuja kwako, basi. Sikudanganyi kwamba wivu umeisha, hata kuandika neno chumba cha chini kunanichoma. Lakini kuna mambo huyajui, na hakuna mwingine wa kukuambia. Asubuhi usimharakishe. Kwenye ngazi yoyote, apande kwa mguu mzima kwanza, ashuke kwa ule mbovu kwanza. Fimbo aishike mkono wa kushoto, atabisha, usikubali. Usimshike mkono anapotembea, mpe bega akushike mwenyewe, anapenda kuona kama ni yeye anayekuongoza. Watakapoanza kumfundisha kutembea upya, akianza kuhesabu kwa sauti, mwongeleshe jambo lolote mpaka hesabu impotee.

Nisalimie shemeji kama bado anataka salamu zangu. Mwambie mkubwa wa wanao kwamba mjomba anamkumbuka. Hasira zako nitazipokea zote, ila nakuomba uziandike, usizipige simu Jumapili. Jumapili mwachie Mama.

Ni mimi, mdogo wako,
Karani