Chuma cha Bafuni

Kaka na wifi,

Mchuzi uko kwenye friji, pasheni tu. Nguo za watoto zianueni kabla mvua haijanyesha.

Leo asubuhi nimeanguka bafuni. Nilinyoosha mkono nishike kile chuma cha ukutani, nikashika hewa. Kumbe wifi ulishaking'oa jana, eti wageni wako wasione nyumba kama hospitali! Nikaita. Kaka ukanijibu ukiwa nje ya mlango: "Si jana ulitembea mwenyewe mpaka dukani?"

Nilitembea, ndiyo. Ugonjwa huu wa neva leo unanipa miguu, kesho unaninyang'anya. Nimewaeleza mpaka mate yamenikauka, bado mnaona nadeka. Haya, adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Nitarudi Jumapili. Hapana, hiyo nimeikata: sirudi. Rafiki yangu fundi cherehani ana chumba cha chini, hakina ngazi, na amesema atanisaidia kuoga bila kunihesabia siku nilizotembea.

Matundu ya ukutani zibeni wenyewe. Chuma nimeondoka nacho. Humu ndani ndicho peke yake kilichokuwa kikinishika.

Shangazi wa watoto