Bodi Aliyoiombea Mama Inapiga Mluzi

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, maana nina siri ndogo inayonikosesha raha. Mimi na mume wangu Abdulrazaq tuna banda la ufundi wa sola hapa Kibiti, na juzijuzi amechora mwenyewe bodi yake ya kwanza ya kupunguza umeme wa betri ili uwashe redio, na kwao kazi ya kwanza ya mikono hupelekwa kwa mama aiombee dua, basi tukampelekea mavyaa wangu, Bi Mwanahalima, kule Ruaruke, ambaye macho yake hayaoni tena na redio ndiyo mwenzake, akaipapasa, akaiombea, tukamwachia iwe inawasha redio yake, mume wangu akatoka pale machozi yanamlenga. Nilipokwenda peke yangu kumsalimia nikakuta redio imezimwa, nikaiwasha, ikapiga mluzi hata mawaidha hayasikiki, mama akanishika mkono akasema, “Mwanangu, usimwambie. Ashajisifia kwa wenzie, ataona haya.” Nikaitikia. Kosa nimeliona: mume wangu ni mtoto wa mkulima, vifaa kavipanga kwa safu na nafasi kama mikorosho, kapasita ya kuingizia umeme iko mbali na aisii, kile kidude cheusi chenye miguu kinachoupunguza umeme, na graundi ya aisii, yaani waya wake wa hasi, inapita njia ileile inayorudisha umeme mkubwa. Sasa anataka kutengeneza nyingine kama hiyo, nami naogopa kumvunja moyo, naogopa kuvunja ahadi, na bodi iliyoombewa dua nitaibadilishaje bila kuonekana narudisha radhi ya mama?

Shamsia, Kibiti

Shamsia mwanangu, pole. Umeolewa kwa watu wanaopendana, ila wanapendana kwa kufichana, na wewe umeshaingia mkumbo. Hapo nakugombeza. Fundi mzima umeona kosa, halafu unamwacha mama asiyeona akae na ukimya? Radhi yake iko kwa mwanawe, haikuchomelewa kwa risasi ya kulehemu kwenye bodi.

Usiibadilishe kwa siri. Nendeni wote Ruaruke, umwombe mama samahani kwamba ahadi ile imekushinda, kisha washa redio mbele ya Abdulrazaq unyamaze. Akishasikia, mwambie, “Mume wangu, tuichore upya pamoja.” Kapasita isogezwe mpaka kwenye miguu ya aisii, njia ya umeme mkubwa iwe fupi na pana, graundi ya aisii ipewe njia yake, na njia hizo mbili zikutane kwenye nukta moja tu. Vifaa hivi vinapenda kubanana.

Ataona haya, si neno, haya huisha. Lakini akija kujua baada ya mazishi kwamba mama yake alikaa bila redio ili asimuumize, na wewe ulijua, hilo halitaisha. Nendeni Ijumaa hii, mama angali yupo wa kusikiliza.