Viganja vya Rukia

Jidda, Alhamisi

Na magoti nikapiga! Mbele ya ukumbi mzima.

Rukia, niliyesoma naye historia Dar, sasa ni profesa wa ukabaila wa Ulaya ya zama za kati. Kaalikwa chuo kimoja hapa. Mimi nafundisha darasa la sita Riyadh, nikapanda basi kuja kumsikiliza. Wivu ndio ulionipandisha, si mapenzi.

Akaeleza jinsi mtu alivyojiweka chini ya kabaila: anapiga magoti, anatia viganja vyake ndani ya viganja vya bwana. "Salma, shoga yangu, njoo tuwaonyeshe." Watu wakapiga makofi. Ningekataaje?

"Msimwonee huruma aliyepiga magoti," akawaambia. "Yeye ardhi anapewa. Mwenye hofu ni bwana, maana watu wakimkimbia, si bwana tena."

Maneno mazuri. Nilitamani yawe yangu.

Viganja vyake vilikuwa vinatetemeka. Niliyejua ni mimi tu, kwa sababu vilinishika.

Nilidhani nitafurahi. Wapi! Sasa niko chumbani hotelini, mtaa wa Kandara, namwonea wivu hata huko kutetemeka. Mimi nina nini hata niogope kunyang'anywa?