Alba Uliyonishonea, Mama

Kambini, Kasulo, Ngara

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu, na maharage yamewahi kuingia ndani kabla ya mvua. Mimi mwili ni mzima. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu kazi ya huku haiishi. Wakimbizi wanazidi kuvuka mto, na ugonjwa wa kuhara unawamaliza, hasa watoto. Siku hizi nazika zaidi kuliko ninavyobatiza.

Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa watu. Ile alba, kanzu nyeupe ya misa uliyonishonea nilipopata upadre, ukakunja pindo lake kwa sindano yako mwenyewe, sinayo tena.

Ilikuwa Jumapili, misa imekwisha, nami sijavua mavazi. Akanijia mama mmoja, Veneranda, amempakata binti yake mchanga. Kisubi chetu na lugha yao havipishani sana, kwa hiyo tulielewana.

"Mbatize, Padre," alisema. "Jioni hataifikia."

Nikambatiza palepale. Maji yalikuwa hayajamkauka kichwani alipokata roho.

Veneranda hakulia. Alikitazama kitenge alichojifunga, maana ndicho pekee alichovuka nacho, kisha akaniuliza, "Nitamzika na nini?"

Hospitali ya kambi ilikuwa imeishiwa sanda. Nikaweka stola pembeni, nikafungua mshipi, nikavua alba. Mzee Bernardo, katekista aliyekimbia pamoja nao, akanishika mkono.

"Padre, hiyo ni nguo ya altare. Haifukiwi ardhini."

"Mzee wangu, watoto wa mafundisho unawaambia alba maana yake nini?"

"Ni vazi jeupe la ubatizo."

"Basi huyu kabatizwa leo. Ni yake kuliko yangu."

Akapiga magoti, akashika upande wa pili wa kitambaa, tukamviringisha. Alba ilikuwa kubwa mno kwake. Tuliizungusha na kuizungusha mpaka akaonekana mnene, kama mtoto aliyenyonya akashiba. Mshipi nao tukamfungia.

Mama, seminarini niliulizwa kwenye mtihani maana ya mavazi haya. Niliandika kwamba mshipi ni usafi wa moyo, kasula ni upendo unaofunika yote, stola ni nira ya Bwana, nikasifiwa. Siku ile nilisimama kaburini na shati lililotoboka kwapani, stola shingoni, na ndipo nilipojua nira ni nini. Sala ya maziko niliianza mimi. Mzee Bernardo ndiye aliyeimalizia.

Sasa nasoma misa na stola juu ya shati. Wapo wanaonung'unika, na siwalaumu, maana wamenyang'anywa kila kitu na walipenda angalau altare ibaki kama ya nyumbani kwao. Paroko ameahidi kunitafutia alba nyingine. Wewe usijisumbue kushona, macho yako yamechoka. Ila najua uliitengeneza ili siku moja nizikwe nayo, na hilo ndilo linaloniuma ninapokuandikia.

Msalimie dada Skolastika na wanawe. Mjomba Petro mwambie nimesikia habari za ng'ombe wake, nampa pole. Katekista wa kigango chetu hapo Nemba naye umfikishie salamu, na umwombe atukumbuke katika sala za Jumapili.

Veneranda pia anakusalimu. Jana alikuja kuniuliza nguo ile ilishonwa na nani. Nilipomwambia ni mama yangu, yu hai, alisema, "Mwandikie. Huku sina ndugu hata mmoja wa kumkumbuka mtoto pamoja nami. Mwambie jina lake, ili na yeye awe anamtaja."

Anaitwa Konsolata, Mama.

Ni mimi mwanao,
Deo